Jana Inavyoimbwa

Mgeni akijifunza Kiswahili kwa nyimbo zetu mbili zilizosafiri mbali kuliko zote, atatoka akiwa mtu asiye na jana. "Malaika", wimbo ambao Fadhili William aliurekodi na Miriam Makeba akauvusha bahari, una mapenzi ya sasa, ufukara wa sasa, na ndoa ambayo ingefungwa kama mali ingekuwapo. Kiambishi -li- hakimo. "Jambo Bwana", uliotolewa na kundi la Them Mushrooms mwaka 1982, ni salamu na makaribisho, na salamu haina haja ya wakati uliopita. Mgeni huyo atajua kupenda, atajua kutamani, atajua kukaribishwa. Muulize alilala wapi usiku wa kuamkia leo, ndipo utakapomwona akimeza mate.

Geuza upande wa pili. Kijana wa Mwanza au Malindi anayejifunza Kiingereza kwa nyimbo hukumbana na jana nyingi kupita kiasi. Waimbaji wa Kiingereza wana mazoea ya kutazama nyuma: mpenzi aliyeondoka, mji alioukimbia mtu, ujana ulioyeyuka. Na lugha yenyewe imewapa vyombo vingi vya kutazamia. Kipo cha jambo lililokwisha na mlango ukafungwa. Kipo cha jambo lililokwisha lakini bado limeshika mkono wa leo. Kipo cha jambo lililotangulia jingine ambalo nalo limepita, na cha jambo lililokuwa likiendelea. Kisha kuna "used to", kwa mazoea yaliyoachwa. Kwa hiyo si ajabu kwamba walimu wa Kiingereza, kuanzia Osaka hadi Dodoma, wamefanya wimbo kuwa uwanja wa mazoezi ya wakati uliopita.

Njia yenyewe inajulikana. Mwalimu anaandika maneno ya wimbo, anafuta vitenzi, na pembeni ya kila pengo anaweka kitenzi kikiwa bado hakijaguswa na wakati wowote. Wimbo unapigwa, wanafunzi wanajaza. Unapigwa tena, wanajisahihisha kwa masikio yao. Carolyn Graham, aliyefundisha katika Chuo Kikuu cha New York, alikwenda hatua nyingine. Katika Jazz Chants, kitabu chake cha mwaka 1978, hakuchukua nyimbo zilizopo. Alichukua mazungumzo ya kila siku na kuyaketisha juu ya mapigo ya jazi, ili mwanafunzi aupate mdundo wa Kiingereza pamoja na maneno yake. Kwa wale wanaopenda nyimbo zilizokwisha tungwa, "Yesterday" wa The Beatles, wa mwaka 1965, umekuwa kama Juzuu Amma ya darasa: mfupi, wa polepole, na jina lake lenyewe ni kielezi cha wakati. Vitenzi vya furaha viko katika wakati uliopita, vitenzi vya maumivu viko katika wakati uliopo, na mpaka kati yao unasikika hata na asiyejua sarufi. Tatizo ni kwamba hali timilifu, yule "have" mwenye kitenzi cha umbo la tatu, haimo kabisa. Mwalimu atafundisha jana iliyofungwa. Jana iliyoacha mlango wazi atalazimika kuitafuta kwingine.

Sisi wengine tulifundishwa kwa wimbo usiokuwa na muziki. Go, went, gone. See, saw, seen. Darasa zima kwa sauti moja, mwalimu akipiga meza kwa rula, madirisha yakiitikia. Nilizijua safu zote tatu za vitenzi visivyo vya kawaida kabla sijajua hata sentensi moja ya kuziwekea. Kwa miaka kadhaa nilikuwa na "gone" mfukoni kama mtu aliyebeba funguo za nyumba asiyoijua.

Mtu anaweza kuucheka ukariri huo, lakini una ukoo mrefu na wenye heshima. Ibn Malik, mzaliwa wa Jaén katika Andalusia aliyefariki Damaski mwaka 1274, aliifunga sarufi ya Kiarabu katika beti zipatazo 1,000 za bahari ya rajaz, ndiyo Alfiyya. Hakutosheka. Alitunga pia Lamiyyat al-Af'al, shairi ambalo mada yake ni vitenzi tu: maumbo yake, irabu zake, namna vinavyogeuka kutoka wakati mmoja kwenda mwingine. Fikiria utenzi mzima ambao shujaa wake ni kitenzi. Katika duru za elimu za pwani yetu, mwanafunzi alianza na Ajurrumiyya, kitabu kidogo cha nathari cha Ibn Ajurrum wa Fez aliyefariki mwaka 1323, kisha akapanda ngazi kuelekea Alfiyya. Ulaya nako, Alexander wa Villedieu katika Normandy alitoa Doctrinale mwaka 1199, sarufi ya Kilatini yenye mishororo zaidi ya 2,600, na vijana wa shule za huko wakaihifadhi kwa karne nyingi.

Ukiziweka mila hizi mbili pamoja, ile ya Ibn Malik na ile ya mwalimu mwenye spika, unaona kwamba zote zinaamini jambo moja: kinachoimbwa hakisahauliki. Zinapoachana ni katika kile kinachoimbwa. Kwa Ibn Malik, wimbo ulibeba kanuni. Mfano ulikuja baadaye, kwenye Kurani na mashairi ya Waarabu wa kale. Kwa mwalimu wa leo wimbo unabeba mfano, na kanuni inachimbuliwa kutoka ndani yake. Mwanafunzi wa Alfiyya huipata sheria kabla hajaiona kesi. Mwanafunzi wa "Yesterday" huziona kesi nyingi, na anaweza kufika nyumbani akiimba barabara bila kujua kwamba kulikuwa na sheria. Kila upande una hasara yake, na sioni sababu ya kuuita mmoja wa kale na mwingine wa kisasa kana kwamba neno hilo linamaliza hoja.

Liko jambo moja ambalo mila ya Kiarabu ililitambua wazi na darasa la nyimbo hulisahau. Hakuna aliyejifunza kwa Alfiyya peke yake. Ubeti ulihifadhiwa, kisha shekhe akaufungua, na ufunguzi huo ukazaa vitabu; maarufu zaidi ni ule wa Ibn Aqil, aliyefariki Cairo mwaka 1367. Hiyo ndiyo sharhe. Kiswahili kina bahati hapa: neno lake la ufafanuzi unaofuata matini, sherehe, ndilo hilohilo la furaha yenye ngoma na biriani. Darasa la Kiingereza linalopiga wimbo, likajaza mapengo na kufunga madaftari limefanya sherehe ya pili na kuiruka ya kwanza. Na kwa msemaji wa Kiswahili, sherehe ya wakati uliopita wa Kiingereza haiandikiki bila -li-, -me-, -ja- na -ka- kuitwa mezani.

Nachukua mfano ninaoupenda kuliko yote. Mwaka 1967 mwimbaji wa Kifaransa Claude François alitoa "Comme d'habitude". Ni wimbo wa ndoa iliyopoa: mtu anaamka, anavaa, anatoka, siku inapita kama kawaida, atarudi, watalala, watajifanya. Vitenzi vyake ni vya wakati uliopo, kisha vinaingia katika wakati ujao, maana katika nyumba ile hata kesho inajulikana. Paul Anka aliichukua sauti hiyohiyo, akayatupa maneno yote, akamwandikia Frank Sinatra maneno mapya ya Kiingereza. Ukatoka "My Way" mwaka 1969. Sasa mwimbaji ni mtu aliyefika ukingoni mwa maisha na anageuka kutazama nyuma. Muziki ni uleule, lakini saa imepinduliwa. Mfaransa anaona siku moja isiyokwisha. Mmarekani anaona maisha mazima yaliyokwisha. Sijui darasa gani linaweza kuonyesha uzito wa wakati wa kitenzi kwa namna iliyo bora kuliko kusikiliza nyimbo hizi mbili moja baada ya nyingine, na kwa wanafunzi wa Bujumbura au Kinshasa, walio na Kifaransa tayari, zawadi hiyo iko wazi.

Ndani ya "My Way" ule mpaka uliokosekana katika "Yesterday" upo, umechorwa mara kadhaa. Mzee anapoyahesabu maisha yake kama mali iliyo bado mkononi, anatumia hali timilifu: kuishi, kupenda, kucheka, kulia, vyote vina "have". Anaposimulia alivyolikabili jambo fulani siku fulani, anarudi kwenye wakati uliopita wa kawaida, na kiitikio chake, ambacho ndicho hukumu yake, kina "did". Mswahili anaitikia haraka: nimeishi, nimependa, nimecheka, nimelia, kisha nilifanya. Kwa dakika hiyo moja lugha mbili zinatembea bega kwa bega, na mwanafunzi hudhani amemaliza kazi: -me- ni "have", -li- ni "did".

Hapo ndipo mtego ulipo. "Nimefika jana" ni sentensi ambayo utaisikia stendi yoyote ya mabasi Afrika Mashariki, na haimshangazi mtu. Aliyesema yuko hapa, mizigo yake iko hapa. Kufika kwake kumekamilika na matokeo yanaonekana. Siku ni maelezo ya nyongeza. Kiingereza cha darasani hakikubali. Ukishataja jana, mlango umeufunga mwenyewe, na "have" haingii tena. Kwa maneno mengine, -me- hutazama matokeo wakati mwenzake wa Kiingereza hutazama kalenda pia. Nilivyoandika "I have arrived yesterday" na kuwekewa alama nyekundu, sikuwa nimekosa mantiki. Nilikuwa na mantiki ya nyumbani katika nyumba ya watu.

Tena -me- ina kazi ambayo "have" haikuajiriwa kuifanya. Amelala. Amesimama. Amevaa kanzu. Katika Kiswahili maneno haya yanaeleza hali ya sasa hivi: mtu yuko usingizini, yuko wima, kanzu iko mwilini. Mwanafunzi anayeyapeleka moja kwa moja kwenye hali timilifu ya Kiingereza atasema mtoto "has slept", na Mwingereza ataelewa kwamba mtoto ameshaamka. Kosa hilo hakuna wimbo utakaolisahihisha wenyewe, maana wimbo hausemi usichokisema.

Katika kukanusha, mizani inatuelemea sisi. U2 walitoa mwaka 1987 wimbo ambao jina lake lote ni somo: "I Still Haven't Found What I'm Looking For". Angalia jinsi Kiingereza kilivyolazimika kulileta "still" ili matumaini yasife. "Haven't found" pekee inaweza kuwa taarifa kavu. Kiswahili kimetia matumaini ndani ya kitenzi: sijapata. Anayesema "hajafika" anamngoja mtu. Anayesema "hakufika" ameshaondoa sahani mezani. Kiambishi -ja- ni silabi moja tu, lakini kina subira ambayo Kiingereza huitafuta kwa "yet" mwishoni au "still" mwanzoni. Mwanafunzi akionyeshwa hilo, hali timilifu ya kukanusha haimtishi tena. Anajua tayari ni ya nini, anatafuta tu mahali pa kuliweka neno.

Wakati mgumu kuliko zote kwa Mswahili ni ule ambao Kiingereza hakina. Namaanisha -ka-. Ili kuuona vizuri nitaziweka pamoja nyimbo mbili za mauaji ambazo hazijawahi kukutana.

Wa kwanza ni "Kijiti" wa Siti binti Saad, binti wa Fumba aliyevuka hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri. Unasimulia kisa cha kweli cha Unguja: mwanamke mgeni kutoka Dar es Salaam anapelekwa na Kijiti penye magugu na kurudi maiti, muuaji anakimbilia bara, na mbele ya mahakama hasira ya hakimu inawaangukia mashahidi. Wa pili ni "Tom Dooley", wimbo wa milima ya North Carolina ambao The Kingston Trio waliupigisha redio zote za Marekani mwaka 1958. Nao ni kisa cha kweli: Laura Foster aliuawa mwaka 1866, na Tom Dula, askari wa zamani wa majeshi ya Kusini, alinyongwa kwa kosa hilo tarehe 1 Mei 1868.

Zinafanana kwa namna inayosisimua. Zote mbili zinamgeukia muuaji na kumsemesha ana kwa ana, kana kwamba yu mbele ya wasikilizaji: mmoja unamwonya asiende, mwingine unamwamrisha ainamishe kichwa. Zote zinaacha simulizi katikati ili kuhukumu. Wala hakuna uliotungwa ili ufundishe sarufi ya mtu. Tofauti yao kubwa ni hatima. Dula anaimbwa usiku wa mwisho kabla ya kitanzi, sheria ikiwa imemfikia. Kijiti anaimbwa akiwa ng'ambo, na wimbo wenyewe ndiyo hukumu pekee iliyomfikia.

Sasa tazama vitenzi. Katika "Tom Dooley" matendo yametupwa moja moja katika wakati uliopita wa kawaida: alikutana naye, alimtoa roho. Kila kitenzi kinasimama kwa miguu yake, hakuna kinachomshika mwenzake mkono. Utajua lipi lilitangulia kwa sababu tu limetajwa kwanza. Katika "Kijiti" matendo yanaburutana. Tendo moja likishafungua njia, yanayofuata yanaingia kwa -ka-, tena -ka- ya uimbaji wa pwani iliyoangusha kiambishi cha nafsi: "kenda" badala ya "akaenda", "kasema" badala ya "akasema". -ka- haina wakati wake. Huazima wa kitenzi kilichotangulia na kuusukuma mbele. Ndiyo injini ya tenzi zetu, kuanzia Utendi wa Tambuka, ambao Bwana Mwengo wa Pate aliutunga mwaka 1728, hadi hadithi ya bibi jikoni.

Mwanafunzi wetu anapoandika insha ya Kiingereza, injini hiyo bado inanguruma ndani yake. Kwa kuwa hapati pa kuiweka, anaandika "then", na "then", na "and then" hadi ukurasa unakwisha. Msahihishaji anaona umaskini wa msamiati. Mimi naona -ka- inayotafuta makazi. Na hapa wimbo unasaidia kuliko kitabu cha sarufi, kwa sababu unaonyesha kile Waingereza hufanya badala yake: wanaliachia jambo kituo. Katika balladi, mshororo mpya ndiyo -ka- yao. Mwanafunzi akiusikiliza "Tom Dooley" huku akihesabu "then" ngapi zimo katika matendo ya muuaji, atashangaa, na mshangao huo una thamani kuliko kurasa tatu za maelezo.

Wimbo huohuo una ubeti mmoja unaomtaja Grayson, mtu wa Tennessee aliyesaidia kumkamata Dula. Mtuhumiwa anasema kama si Grayson angalikuwa Tennessee. Katika Kiingereza sanifu sentensi hiyo ni mlundo wa vitenzi visaidizi, "had" na "would" na "have", na waimbaji wa milimani wameumeza hadi umebaki kama mlio tu. Sisi tunasema "ningalikuwa" na tumemaliza. Ni mara chache Kiswahili huwa kifupi kuliko Kiingereza, kwa hiyo naomba niruhusiwe kujivuna kidogo.

Kumeza maneno huko kunaleta swali ambalo walimu wengi hulikimbia: wimbo unapovunja sarufi, ufundishwe? Bono wa U2, katika wimbo niliokwisha kuutaja, anaweka "have" kisha "spoke" mahali ambapo safu ya tatu ya darasani inadai "spoken". Bob Marley, katika "I Shot the Sheriff" wa mwaka 1973, anakanusha mara mbili katika kiitikio. Nimewahi kukutana na walimu wanaoziepuka nyimbo hizo kama mlo wenye mchanga.

Mila yetu ina utulivu zaidi katika hili. Mwanafunzi wa kidato cha pili anayajua majina: inkisari ni kulifupisha neno, mazida ni kulirefusha, tabdila ni kulibadili silabi, na kuboronga sarufi ni kuupindua mpangilio wa maneno, yote kwa ajili ya vina na mizani. Waarabu huita jambo hilo darura ya ushairi, na wanavyuoni wao waliandika vitabu kuonyesha ni dharura ipi inaruhusiwa na ipi ni uzembe. Kwetu "kenda" ya Siti haihesabiwi kosa. Ina jina na ina mlango wake. Waingereza nao wana neno la uhuru wa mshairi, ila darasani hawalifundishi kwa orodha kama sisi. Wanaacha kila msikilizaji apime mwenyewe. Tena kwa Marley hata neno hilo ni dogo: kukanusha mara mbili ni sarufi kamili ya watu wa Jamaica, haikutoka kwenye haja ya mizani. Kumwita amekosea ni kama kumsahihisha Mwamu kwa kusema kama Mwamu.

Kwa maoni yangu, nyimbo hizo zifundishwe kwanza. Kitenzi kilichopinda ndicho kinachomfanya mwanafunzi atafute kilichonyooka. Zaidi ya hapo, wimbo wa Marley una jambo ambalo kila mwalimu wa Afrika Mashariki amelipigania: "shot" katika kukubali, lakini "shoot" baada ya "didn't". Wanafunzi wetu hubeba alama ya wakati uliopita mara mbili na kuandika "didn't shot", kwa sababu hawaoni kwamba "did" imeshaibeba. Wimbo unaweka maumbo hayo mawili katika kiitikio kimoja na kuyarudia hadi yanakaa. Mtihani wa taifa, bila shaka, hautambui inkisari wala Kijamaika, na mwanafunzi aambiwe hivyo mapema.

Nimesema mengi kana kwamba darasa zima linawaza kwa Kiswahili. Halipo darasa la namna hiyo, labda visiwani. Mtoto wa Bukoba aliyelelewa kwa Kihaya, au wa Masaka aliyelelewa kwa Kiganda, amekuja shuleni na saa sahihi kuliko ya Mwingereza. Mganda husema "nakoze" kwa kazi aliyoifanya muda mfupi uliopita, na "nakola" kwa aliyoifanya siku zilizopita. Sikio la Mswahili likisikia "nakola" hudhani kazi inaendelea. Kihaya kinaitenga leo, jana, na zamani kabla ya jana, kila moja na umbo lake. Kwa mtoto huyu, -li- yetu inayofaa kwa chai ya asubuhi na kwa kuzaliwa kwa babu ni umaskini, na "went" ya Waingereza ni umaskini uleule. Panini, mwanasarufi wa Kisanskriti ambaye kanuni zake zinazokaribia 4,000 zimehifadhiwa kwa kukaririwa, alitenga wakati uliopita usio wa leo, na mwingine wa mambo ambayo msemaji hakuyashuhudia kwa macho. Mhaya angeketi na Panini wakaelewana juu ya nusu ya kwanza. Siti na wenzake wa taarabu, nao, waliimba katika lugha ambayo mashairi yake ya kale yalihifadhi umbo jingine kabisa la kukamilika, lile la mwisho wa -ile, ambalo Kiswahili sanifu kimeliacha na baadhi ya lahaja bado zinalo.

Kwa hiyo lalamiko la kila kizazi, kwamba Kiingereza kina nyakati nyingi mno, linategemea mtu ametoka nyumba ipi.

Mwalimu mwenye kipindi kesho, namshauri hivi. Chukua "My Way". Wape wanafunzi karatasi, wajaze mapengo kama kawaida. Kisha, kabla hujaeleza kanuni yoyote, waambie waandike juu ya kila kitenzi alama moja ya lugha yao: -li-, -me-, -ka-, au umbo lolote walilotoka nalo kwao. Pale watakapobishana, usiwaamulie haraka. Mahali hapo ndipo somo lilipo. Wimbo wa Sinatra haufiki dakika tano. Sherehe yake, kwa hesabu yangu, inataka vipindi viwili.